Naomba ushauri: ada moja ya kutengeneza, kuhifadhi na kutunza tovuti

Ndugu zangu, habari zenu. Ninatengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo hapa Arusha, wengi wao wakiwa na kampuni za utalii, na ninakusudia kuunganisha usanifu, uhifadhi kwenye seva na matunzo katika ada moja ya mwaka, kwa sababu mteja akishakabidhiwa tovuti hakuna anayesasisha WordPress (programu inayoendesha tovuti) wala kukumbuka kulipia jina la tovuti la .co.tz, hadi siku barua pepe za wageni zinapoacha kuingia. Jina la tovuti litasajiliwa kwa mteja mwenyewe. Hilo sina mjadala nalo. Naomba mnishauri: msaada wa simu niuwekee kikomo gani katika mkataba? Na mteja akichelewa kulipa, nimvumilie muda gani kabla ya kuizima tovuti, hasa Julai na Agosti, wageni wanapokuwa wengi?