FSU (chuo cha Florida State) kashinda mechi zote 13 na bado kaachwa nje. Hii kamati ya mchujo wa futiboli ya vyuo Marekani inachagua kwa kigezo gani hasa?

Wakuu, Michigan kashachukua kombe lake la msimu wa 2023, kampiga Washington 34-13, hongera zake. Sina ugomvi na Michigan. Ugomvi wangu ni na wale watu 13 waliojifungia hotelini Grapevine, Texas, wakatoka Jumapili ya tarehe 3 Desemba na orodha ya timu nne ambayo Florida State hayumo. Nilijisemea nitulie, mwezi umepita. Lakini kila nikigusa mada hii anatokea mtu ananiandikia "63-3" (FSU alivyopigwa na Georgia baada ya kuachwa nje) na vikaragosi vya kucheka, kana kwamba hayo matokeo yanajibu chochote. Basi leo namwaga yote.

Kwa wasiofuatilia futiboli ya Kimarekani ngazi ya vyuo: hadi msimu huo wa 2023 timu kubwa zilikuwa kwenye makundi matano (SEC, ACC, Big Ten, Big 12 na Pac-12), kila kundi lilikuwa na bingwa wake, na nafasi za mchujo wa ubingwa wa taifa zilikuwa nne. Watano hawaenei kwenye viti vinne, kwa hiyo tangu 2014 kuna kamati inayokaa na kuamua nani anaingia. Balaa lote linaanzia hapo.

Msimu wa 2023 mabingwa walikuwa hawa (mechi walizoshinda, kisha walizofungwa): Michigan 13-0, Washington 13-0, Florida State 13-0, Texas 12-1, Alabama 12-1. Watatu hawajafungwa na mtu. Waingie hao, abaki mmoja kati ya Texas na Alabama, na hao wawili walishakutana Septemba: Texas alimfuata Alabama kwake Tuscaloosa akamchapa 34-24. Kesi imekwisha, kila mtu aende nyumbani akalale. Kamati ikatoka na Michigan, Washington, Texas na Alabama. FSU nafasi ya 5. Tangu mfumo huu uanze hakuna bingwa wa makundi makubwa matano aliyemaliza bila kufungwa akaachwa nje. Wa kwanza ni huyu.

Sababu waliyoitoa ni mguu wa Jordan Travis. Travis ndiye aliyekuwa kwotabeki wa FSU, yule mrushaji anayeendesha mashambulizi yote. Tarehe 18 Novemba, mechi na North Alabama, akaumia vibaya mguu na msimu wake ukaishia palepale. Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, akasimama kwenye runinga na kueleza kwamba FSU bila Travis si timu ile iliyocheza wiki 11 za mwanzo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku ile Travis anaumia FSU alikuwa nyuma 13-0. Mechi iliisha 58-13. Wiki iliyofuata akaenda kwa hasimu wake Florida, ugenini, na kwotabeki wa akiba Tate Rodemaker, akashinda 24-15. Kamati ikakutana tarehe 28 Novemba, siku kumi baada ya mguu kuumia, habari zote wanazo, wakamweka FSU nafasi ya 4. Alabama nafasi ya 8! Kisha ikaja fainali ya ACC, kundi la FSU. Rodemaker naye hayupo, kaumia kichwa, akaanzishwa Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kuanza mechi ya chuo maishani mwake. Louisville akafungwa 16-6. Mashambulizi yalikuwa mabaya kutazama, nakubali, hata mimi niliangalia nimejifunika uso. Lakini ule ulinzi mliuona? Bingwa wa kundi anapatikana kwa kwotabeki wa tatu, halafu kesho yake anashushwa kutoka nafasi ya 4 hadi ya 5. Kashinda, kashushwa.

Kuna watakaokuja na kitabu cha kanuni. Ndiyo, kipengele kipo: kamati inaruhusiwa kuangalia kukosekana kwa wachezaji muhimu. Nimekisoma. Lakini humohumo wameambiwa waangalie ubingwa wa kundi, ugumu wa ratiba, timu zilizokutana zenyewe kwa zenyewe, na matokeo dhidi ya mpinzani wa pamoja. Hiki cha mwisho ndicho kinachoniumiza, maana hakuna anayekigusa.

Mpinzani wa pamoja wa FSU na Alabama ni LSU. Ni LSU yuleyule wa Jayden Daniels, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huo. FSU alicheza naye Orlando mwanzoni mwa Septemba, akampiga 45-24. Alabama alicheza naye Novemba, nyumbani kwake, akampiga 42-28, na Daniels mwenyewe alitoka robo ya mwisho baada ya kugongwa. Kwa hiyo FSU kashinda kwa tofauti ya pointi 21 nje ya kwake, Alabama kashinda kwa 14 akiwa kwake na kwotabeki wa mpinzani hakumaliza mechi. Mtaniambia Septemba FSU alikuwa na Travis. Sawa. Na Alabama wa Novemba alikuwa na kwotabeki wake.

Kama tunapima timu kwa jinsi inavyoonekana machoni, mbona Alabama hakupimwa hivyo? Wiki moja baada ya kufungwa na Texas walimweka benchi kwotabeki wao Jalen Milroe wakahangaika na South Florida hadi kushinda 17-3. Mwishoni mwa Novemba walikuwa wamekufa kabisa mbele ya Auburn: jaribio la nne ambalo ndilo la mwisho, yadi 31 kufika mstarini, chini ya dakika moja imebaki. Milroe akarusha, Isaiah Bond akadaka kwenye kona, 27-24. Na huyo Auburn wiki moja nyuma alitoka kuchapwa 31-10 na New Mexico State, tena kwake! Milroe angekosa mrusho ule, leo tusingekuwa na mjadala. Hiyo ndiyo "timu bora" niliyoambiwa niinamie kichwa.

Kumpiga Georgia 27-24 fainali ya SEC si jambo dogo, siwezi kuwa mjinga kiasi cha kulikataa. Georgia alikuwa hajafungwa mechi 29 mfululizo. Alabama alistahili sifa zote za usiku ule. Ila usiku mmoja mzuri umefuta kipigo cha Texas, na miezi mitatu ya FSU ya kutofungwa imefutwa na mguu wa kijana mmoja. Travis mwenyewe aliandika mtandaoni kwamba angetamani mguu ungevunjika mapema zaidi msimuni ili watu waone timu ile ni zaidi ya kwotabeki. Mchezaji yuko na mguu mbovu anaomba radhi kwa kuumia kwa kuchelewa. Mnaona sawa hilo?

Na msiniletee hadithi kwamba timu haiwezi kushinda na mtu wa akiba. Mwaka 2014, mwaka wa kwanza kabisa wa kamati hii, Ohio State aliingia na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones. Akampiga Alabama 42-35, akampiga Oregon 42-20, akabeba kombe. Ndiyo, kabla ya hapo alimnyuka Wisconsin 59-0 kwenye fainali ya kundi, FSU hakuonyesha kitu kama hicho. Basi waandike kwenye kanuni kwamba ukimaliza na mtu wa akiba ni lazima ushinde kwa pointi 59, tujue moja.

Wengi humu wanasema ni njama za runinga ya ESPN kuibeba SEC. Mimi sifiki huko, kwa sababu hiyohiyo ESPN ndiyo yenye haki za ACC pia. Ninachojua ni hiki: tangu 2014 haijawahi kutokea mchujo bila timu ya SEC. Georgia alipofungwa, bila Alabama ingekuwa mara ya kwanza. Mezani walikaa watu wanaojua hilo. Na UCF, chuo kilichokuwa nje ya makundi yale matano, wanalijua pia. Mwaka 2017 walimaliza bila kufungwa, kamati ikawaweka nafasi ya 12, kisha wakampiga Auburn 34-27, Auburn ambaye msimu uleule aliwafunga Alabama na Georgia, timu mbili zilizocheza fainali.

Kwa wenzangu wa nyumbani niwawekee hivi: Yanga amalize ligi hajafungwa, kipa wake aumie mechi za mwisho, ashinde hata hizo, halafu kikao kikae na kusema nafasi ya kimataifa apewe mwingine kwa sababu huko mbele atapata shida. Mngelala nyumbani siku hiyo? Jangwani pangekalika?

Haya, 63-3. Wachezaji zaidi ya 20 wa FSU hawakucheza ile Orange Bowl. Jared Verse, Keon Coleman, Trey Benson, wote walijitoa kujiandaa na NFL, ligi ya kulipwa. Rodemaker alishaomba kuhama chuo. Waliobaki ni watoto waliopelekwa machinjioni kwa Georgia kwenye mechi isiyo ya kombe la taifa. Wangekuwa ndani ya mchujo, hao wote wangevaa. Alabama aliyepewa nafasi yao alikwenda Rose Bowl, nusu fainali ya mchujo, akafungwa na Michigan 27-20 muda wa nyongeza, Milroe kazuiwa yadi tatu tu kutoka mstarini. Mbona hilo halina vikaragosi?

Na wale wa "tulia, kuanzia msimu wa 2024 zinaingia timu 12", kamati ni ileile, hoteli ileile, kipengele kilekile. Kelele zitahamia kwa wa 12 na wa 13.

NYONGEZA: Nimesoma majibu ya kurasa mbili za mwanzo. Nimetukanwa, nimeitwa mlalamishi, kuna mmoja kaniambia nirudi kwenye Simba na Yanga. Hakuna hata mmoja aliyegusa hoja ya LSU. Nasubiri.