Tupeane uzoefu: hamu ya kufuma ilipokukimbia, ulifanya nini?

Wapendwa, naomba tulizungumze hili bila haraka. Huu ni mwaka wangu wa 11 nafuma. Kwenye kitanda cha kufumia kuna kazi iliyosimama miezi 7 sasa. Mtande (nyuzi za urefu) umekazwa vilevile, mshindio (uzi unaopitishwa kukatiza) umefika nusu ya kitambaa, na pale nilipoishia pamejikusanya mstari wa vumbi. Kila asubuhi napita pembeni yake na sigusi.

Kinachoniumiza ni kwamba mkono ninao. Mwanzoni nilikuwa navuta mshindio kupita kiasi, kitambaa kinabonyea katikati kama kiuno. Ilinichukua miaka 2 kujua kuulaza uzi kwa upinde kabla ya kuubana, upate urefu wa kupanda na kushuka kati ya nyuzi za mtande. Leo kingo zangu zinanyooka hata nikiwa naongea na mtu. Lakini enzi zile za kingo mbovu nilikuwa naamka usiku kwenda kukitazama kitambaa! Sasa najua kila kitakachotokea kabla hakijatokea, na nadhani hapo ndipo hamu ilipochoropoka.

Tafadhali msiniambie "jipe moyo". Niambieni mlichofanya. Nikate mtande nianze upya, au nimalizie?

Mtarizi
Pole sana dada. Mimi kilichonimaliza ni oda. Nilibuni ua moja, mtu akalipenda akataka lake, mwingine akataka lilelile kwa rangi nyingine. Kufika mwaka wa 3 nalitarizi bila hata kulitazama. Nikachukia mpaka mlio wa sindano ikitoboa kitambaa kwenye fremu. Nikaamua siku 2 za wiki hazina mteja. Siku hizo natarizi kitambaa kimoja kirefu ambacho hakiuzwi wala hakipigwi picha. Wiki za kwanza nilikuwa nakishika tu, machozi yanatoka. Wiki ya 5 nikajikuta nafumua mstari mzima kwa sababu haukunipendeza mimi mwenyewe. Sijawahi kufurahia kufumua kama siku ile.

Pipa la Nili
Ndugu yangu, jiulize kwanza kama ni uchovu au ni msiba. Mimi natia rangi vitambaa. Nguo ikitoka kwenye pipa la nili, ile rangi ya bluu, huwa ya kijani, ikikutana na hewa inageuka bluu mbele ya macho yako, na kwa miaka mingi jambo hilo sikuwahi kulizoea. Mama alipofariki nikawa naliona kama maji yanayochemka tu. Pipa nikaliacha bila kulitunza, likaharibika. Mwaka mzima nilijiita mvivu, kumbe nilikuwa nafiwa.

Kilichonirudisha ni gauni lake jeupe alilojishonea mwenyewe. Lilikuwa na madoa, nikaona nilichovye. Gauni lilikuwa la pamba ila uzi wa kushonea ulikuwa wa poliesta, na poliesta haishiki nili vizuri. Lilipokauka, kitambaa kilikuwa bluu nzito na mishono yote imebaki myeupe. Nikaona kila hatua ya mkono wake, pamoja na pale begani alipoteleza akarudia. Kesho yake niliandaa pipa jipya.

Kroshia Kila Siku
Angalieni na mikono. Nilidhani nimeichoka kroshia, kumbe kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vinakufa ganzi usiku: mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Mwili ulikataa kabla sijaelewa. Nilienda hospitali, nikapewa kifaa cha kukaza mkono wakati wa kulala, nikapumzika miezi 4. Hamu ilirudi yenyewe.

Fremu Ndogo
Wakuu, si lazima mtu arudi palepale alipoachia. Anni Albers alikuwa mfumaji mwenye jina. Mwaka 1949 Museum of Modern Art ya New York ilimfanyia maonyesho ya peke yake. Mwaka 1963 aliingia kwenye karakana ya litografia (kuchapa picha kwa jiwe) Los Angeles, alikofuatana na mumewe, akaonja uchapaji wa picha, na baadaye akaachana kabisa na vitanda vya kufumia. Sheila Hicks, mfumaji mwingine, naye, pamoja na kazi zake kubwa za kujaza ukumbi, kwa miongo mingi amefuma vipande vidogo kwenye fremu anayoweza kusafiri nayo.

Hilo la fremu nililiiga. Mbao 4, misumari, ukubwa wa daftari. Jioni moja, kipande kimoja. Nilifumia humo majani makavu, karatasi, nyuzi za mabaki. Kwenye kitanda kikubwa nisingethubutu, kwa sababu ukishatumia siku 2 kutanda mtande, unaogopa kukosea. Ule woga ndio uliokuwa unanila.

Uzi wa Mwisho
Usikate! Mimi nilikata, na mpaka leo najuta. Fuma mistari 10 kwa siku, basi.

Mwanzisha mada
Nimewasoma wote mara mbili. Pipa la Nili, hilo gauni limenikaa moyoni.

Jana nimepangusa vumbi kwa brashi laini. Nilipofungua gogo la mbele la kitanda nikakuta kitambaa kilichoviringishwa kina rangi iliyoiva, na kile kilichokaa wazi dirishani kimepauka. Miezi yangu 7 imeandikwa pale, upana wa kiganja. Nikachukua uzi mwekundu ambao haukuwemo kwenye mchoro, nikaupitisha mara 12 mwisho wa mpauko huo. Ukingo wa kushoto umebonyea kidogo. Nimeuacha hivyo, na usiku nimeamka kwenda kuutazama.