Kuandaa nyasi za nyumbani kabla ya theluji, Minnesota

Mkazi_Kaskazini

Salaam kwenu nyote. Tulihamia nyumba yetu, katika kitongoji kilicho kaskazini mwa Minneapolis, mwanzoni mwa kiangazi, na sasa Agosti inaelekea ukingoni nikiwa na eneo la nyasi la mita za mraba 200 hivi ambalo halinipendezi hata kidogo. Chini ya mti wa maple pamebaki upara, kando ya njia ya gari udongo umeshikana, na kwingineko magugu ya maua ya manjano yameshindana na nyasi mpaka yakashinda. Nililelewa Limuru, ambako nyasi tulizozoea hutambaa zenyewe mwaka mzima na kazi yetu ilikuwa kuzizuia zisiingie kwenye mboga, kwa hiyo kupanda nyasi kwa mbegu ni jambo geni kwangu. Nilikusudia kungoja majira ya kuchipua, theluji ikishayeyuka, lakini jirani anasisitiza kwamba atakayengoja hadi wakati huo atakuwa amechelewa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nianze na lipi?

Fundi_Ukoka

Jirani yako amesema kweli, ndugu yangu. Nyasi za huku si za tabia moja na zile za Limuru. Kentucky bluegrass, fescue na ryegrass, ambazo ndizo zilizoenea katika nyua za Minnesota, hustawi penye ubaridi: joto kali la Julai huzidumaza, na usiku unapoanza kupoa mwishoni mwa Agosti hurudia kukua, safari hii zikipeleka sehemu kubwa ya chakula chake kwenye mizizi na kwenye machipukizi ya chini. Kwa hiyo ukijani utakaouona Mei unategemea sana akiba inayowekwa Septemba na Oktoba. Mbegu inayopandwa sasa huota katika udongo ambao bado una joto, huku hewa ikiwa imepoa na magugu ya msimu mmoja yakikaribia kufa kwa jalidi; mbegu ya Aprili huota polepole katika udongo baridi, husongwa na magugu yanayochipuka pamoja nayo, kisha hukutana na jua la kiangazi ikiwa na mizizi mifupi.

Anza na udongo. Chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini siku moja baada ya mvua. Ikizama hadi mpini kwa nguvu ya mkono tu, huna shida. Ikigoma baada ya sentimita chache, kama ninavyoshuku itakavyokuwa kando ya njia ya gari, itakubidi ukodi mashine ya kutoboa udongo. Hakikisha ni ile inayong'oa vipande vya udongo na kuviacha juu ya nyasi, si ile yenye misumari mitupu, kwa sababu msumari hutengeneza tundu kwa kuukandamiza udongo wa pembeni, na kukandamizwa ndiko tunakokukimbia. Vipande hivyo usivizoe. Mvua na mashine ya kukatia nyasi vitavisambaza. Kisha kata kwa kisu kipande kidogo cha nyasi pamoja na udongo wake, ukitazame ubavuni: kati ya majani mabichi na udongo utaona tabaka la kahawia la mashina na mizizi iliyokufa. Likiwa jembamba, chini ya sentimita 1 hivi, liache. Likiwa nene zaidi, lipunguze kwa reki kabla ya kumwaga mbegu, maana mbegu iliyolala juu yake bila kugusa udongo huchipua na kukauka.

Kwa eneo la Minneapolis, muda mzuri wa mbegu ni katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba, kwa hiyo usikawie. Ryegrass huota ndani ya siku 5 hadi 10, bluegrass yaweza kuchukua wiki 3 au zaidi, na watu wengi hukata tamaa na kuacha kumwagilia katikati ya muda huo. Udongo wa juu usikauke mpaka miche ionekane: maji kidogo, mara kadhaa kwa siku.

Kuhusu mbolea, peleka kwanza sampuli ya udongo kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Tangu 2005 sheria ya jimbo zima inakataza kuweka fosforasi kwenye nyasi za nyumbani, isipokuwa kipimo kimeonyesha upungufu au unaanzisha nyasi mpya, na lengo lake ni kuyalinda maziwa yetu yasijae mwani. Ndiyo sababu kati ya tarakimu tatu za mfuko wa mbolea (naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mpangilio huo), ile ya katikati huwa sifuri kwenye mifuko mingi huku. Ukipata mfuko wa 24-0-10, gramu 20 kwa kila mita ya mraba zinatosha, yaani kilo 4 hivi kwa eneo lako lote, wakati wowote mwezi wa Septemba. Punje zitakazoangukia kwenye saruji zifagie mara moja. Hilo pia limo katika sheria.

Dada_wa_Columbus

Naafikiana na Fundi, ila nina mambo mawili. Kwanza ni hayo magugu ya maua ya manjano. Ni ya kudumu, yana mzizi mnene unaoshuka wima, na majira haya yanateremsha chakula kwenye mzizi, kwa hiyo dawa inayopuliziwa mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba huteremka pamoja na chakula hicho na kuua mmea mzima, jambo ambalo ni gumu wakati wa maua. Tatizo ni kwamba dawa hiyo hiyo huunguza miche ya nyasi, ambayo haipaswi kupuliziwa kabla haijakatwa mara mbili au tatu. Ningekuwa wewe ningeligawa eneo: penye upara panda mbegu na magugu uyang'oe kwa mkono baada ya mvua, na penye nyasi za kutosha usipande, upulizie.

La pili ni mbolea. Huku Ohio wengi huweka ya mwisho mwezi wa Novemba, nyasi zikishaacha kurefuka lakini bado za kijani. Kwa nini umeiacha hiyo?

Fundi_Ukoka

Nimeiacha kwa makusudi, dada. Novemba ya Columbus si Novemba ya Minneapolis. Huku udongo huwa umepoa sana, mizizi hunyonya kidogo, na naitrojeni isiyonyonywa huteremka na maji hadi chini ya ardhi au huchukuliwa na theluji inapoyeyuka. Zamani tulishauriwa tufanye hivyo, lakini wataalamu wa chuo kikuu chetu hawaupendekezi tena mtindo huo. Mimi hufunga mfuko wa mbolea katikati ya Oktoba.

Mkazi_Kaskazini

Nawashukuru sana. Nimejaribu bisibisi: kando ya njia ya gari haikupita sentimita 4. Yamebaki maswali mawili. Chini ya maple nipande nini, na majani yake yakishapukutika niyazoe yote?

Mzee_Duluth

Bluegrass haitakufaa kwenye kivuli, mwanangu. Tafuta mfuko wa fescue zenye majani membamba, ambazo huvumilia kivuli na ukame, na usitarajie zulia, kwa sababu mti huo utazinyang'anya maji kila mwaka. Ukichelewa kupanda sasa, bado unaweza kumwaga mbegu mwanzoni mwa Novemba, udongo ukiwa baridi kiasi cha kuizuia isiote. Italala huko chini ya theluji, na ardhi inapoganda na kuyeyuka itaivuta ndani ya nyufa hadi majira ya kuchipua.

Majani usiyazoe yote. Pitisha mashine ya kukatia juu yake yakiwa makavu, hata mara mbili, mpaka vipande viwe vidogo na uweze kuziona nyasi kupitia kati yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State umeonyesha kwamba majani yaliyosagwa hivyo hayazidhuru nyasi. Yakiwa mengi kiasi cha kuzifunika, yaliyozidi yapeleke kwenye mboji. Majani mazima yaliyolowa yakiachwa chini ya theluji huzisonga nyasi na kuleta ukungu, ambao Aprili huonekana kama mabaka ya duara ya kijivu au ya waridi. Endelea kukata mpaka nyasi ziache kukua, na mkato wa mwisho uache sentimita 6 au 7. Zikiachwa ndefu huinama na kulaliana, na panya wadogo wa mashambani huchimba njia zao humo majira yote ya baridi.

Hapo kando ya njia ya gari pana jambo jingine ambalo wenzangu hawakuligusa. Huenda udongo haukushikana kwa magurudumu peke yake, bali pia kwa chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu, maana sodiamu huharibu mpangilio wa udongo. Majira haya tumia mchanga pale inapowezekana, theluji yenye chumvi uisukumie upande usio na nyasi, na ardhi ikishayeyuka mwagilia ukingo huo maji mengi kwa siku kadhaa ili chumvi iteremke chini ya mizizi.

Mkazi_Kaskazini

Shikamoo, mzee, na asante. Mashine ya kutoboa nimeiagiza kwa Jumamosi, na jirani amekubali tuchangie kodi yake ili itumike pande zote mbili za uzio.