Eti walinzi wangu wapige FILIMBI! Huyu wa tai nyekundu sasa amezidi

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka sasa hivi kwenye semina ya masafa ya redio, zile njia za hewani zinazobeba sauti za redio, simu na TV, hoteli moja hapo mjini, niko ndani ya mwendokasi nimebanwa kama dagaa.

Yule mshauri mnamjua. Tai nyekundu, kalamu tatu mfukoni, kila semina anafika kabla viti havijapangwa. Leo kaja na mada kwamba ada ya masafa ipandishwe, wasio na uwezo wapishe. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia nina kampuni ndogo ya ulinzi, walinzi 14, maghala ya Chang'ombe. Redio koli zetu zina kibali, ada nalipa kila mwaka. Mkiipandisha mimi nafunga. Akanywa juisi yake ya pasheni taratibu, akajifuta mdomo, akasema: "Mzee, wanunulie filimbi."

FILIMBI! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata kijana anayegawa maji kacheka mpaka kamwagia mtu.

Mwezi jana, usiku wa mvua, mlinzi wangu wa geti la nyuma aliona watu wanne wanakata wavu. Akaminya kitufe, akanong'ona maneno mawili: "Nyuma, wanne." Wenzake wakatokea pande zote, jamaa wakatimua mbio. Angepiga filimbi si angewaonyesha wezi alipojificha?

Sikatai masafa kuwa na bei. Uingereza sheria ya 1998 iliruhusu serikali itoze masafa kwa thamani yake, na hata jeshi lao linalipa, ili anayekalia masafa asiyoyatumia aone uchungu ayarudishe. Basi mfuateni anayekalia! Mimi chaneli yangu inaongea usiku kucha. Halafu naambiwa filimbi. Na juisi mkononi!

Mtu_wa_Gerezani: Pole mzee wangu. Huyo mwaka juzi alituambia mafundi tukauze mihogo.

DadaFrikwensi: Mleta mada, hasira pembeni, bei ina kazi yake. Masafa ya chini kama 700 MHz yanafika mbali na yanapenya kuta, ndiyo maana kila kampuni inayataka. Mkigawa bure atapata mwenye shemeji ofisini. Mnada wa masafa wa 2022 hapa Tanzania uliingiza takribani dola milioni 187.

Mleta mada: Dada yangu, hizo ni za kampuni za simu. Mimi nina vifaa 14 na chaneli moja! Unanilinganisha na minara? Na hujagusa suala la filimbi.

Babu_Kigamboni: Mnada nao unataka akili. New Zealand mwaka 1990 mshindi alikuwa analipa bei ya aliyemfuata. Mmoja akaahidi dola 100,000, akalipa 6. Mwanafunzi akaweka dola 1 kwa masafa ya televisheni, hakuna aliyemfuata, akachukua bure.

KondaMstaafu: Bure?! Mimi kifurushi nimejiunga asubuhi, saa nne kimekwisha na simu ilikuwa mfukoni.

Mtu_wa_Gerezani: Kifurushi cha nani hicho? Changu kinakwisha nikiwa bado nasoma ujumbe wa kunikaribisha.

Mleta mada: Wakuu tusitoke kwenye mada. Kasema FILIMBI mbele ya watu mia.

Chaupele_TMK: Mzee nunua tu hizo filimbi, Kariakoo zipo za jumla 😂 Walinzi 14 tunapata bendi kamili.

Mleta mada: Wewe kijana huna adabu. Wale walinzi wana watoto.

DadaFrikwensi: Hapo kweli Chaupele umekosea, muombe mzee radhi.

MamaDuka: Afadhali nyie mna redio. Sisi tangu wazime matangazo ya TV ya analojia, yale ya antena bila king'amuzi, hapa Dar, Desemba 31 mwaka 2012, king'amuzi changu kikisikia wingu tu picha inaganda. Jana fainali imeganda dakika ya 89.

KondaMstaafu: Dakika ya 89 nani alikuwa na mpira?

MamaDuka: Ningejua ningelalamika? Na jirani naye kafungulia spika mpaka vyombo vyangu vinacheza kabatini. Nipo Sinza.

Chaupele_TMK: Sinza ipi, Mori au Kijiweni? Mwenye spika namjua.