Naomba ushauri: mguu wa kushoto hautulii

Habari za jioni wakuu. Nina miaka 23, niko Moshi, Majengo. Wiki ya sita sasa napiga mazoezi nyumbani bila vyuma: pushapu, skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) na planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka). Nguvu imeongezeka kweli, tatizo ni balansi. Mguu wa kulia nasimama dakika nzima. Wa kushoto, ulioteguka kifundo mwaka jana, sekunde 10 sifikishi. Vidole vinang'ang'ania sakafu, kifundo kinatetemeka. Hauumi wala haujavimba.

Nimejaribu peku, macho nikiyakazia kwenye kitasa cha mlango. Afadhali kidogo tu.

Je, nianze skwoti za mguu mmoja, au nisimame tu kila siku kwanza? Na mliowahi kuteguka, ilichukua muda gani kutulia?