Kuongeza manowari za juu ya maji kwenye gemu la nyambizi: kazi iko wapi hasa?

Mkuku: Wakuu, gemu letu ni la nyambizi za Vita vya Pili vya Dunia, bahari ya Atlantiki. Meli za kusindikiza misafara zimo tayari, ila zinaendeshwa na kompyuta. Tunataka mchezaji naye ashike usukani wa destroya au korveti (manowari ndogo zaidi ya kusindikiza). Kumkabidhi usukani na kamera si kazi, lakini meli ikifika mbali inatetemeka, maji yanapita juu ya sitaha kama vile meli haipo, na uwindaji hauna ladha: dakika mbili tu nyambizi kwisha. Tuanzie wapi?

Sitaha: Kutetemeka ni suala la namba. Kwa desimali za biti 32, ukiwa mita 100,000 kutoka kitovu cha ramani, kila kitu husogea kwa hatua za karibu milimita 8. Aliye chini ya maji haoni. Aliye sitahani anaona mizinga ikichezacheza. Kila baada ya kilomita chache hamishia kitovu kwenye meli ya mchezaji, pamoja na moshi, povu linaloachwa nyuma ya tezi na risasi zilizo hewani. Hivyo vitatu ndivyo husahaulika.

Kuhusu mawimbi, nadhani meli zenu zina pointi moja ya kuelea, katikati. Wekeni kumi na mbili hivi, safu mbili toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kila moja isome kimo cha wimbi mahali pake. Ongezeni ukinzani wa maji, la sivyo meli itakwenda mrama bila kutulia. Na mawimbi yanayokokotolewa yawe yaleyale yanayochorwa. Yakipishana, sitaha italowa hata bahari ikiwa shwari.

Zamu_ya_Usiku: Hayo yana tiba. Kinachoua gemu ni destroya kujua nyambizi ilipo. Sona, yaani chombo cha kutafuta nyambizi kwa mwangwi wa sauti, ile ya kawaida ya Waingereza wakati ule haikuweza kuelekeza mwale wake chini. Ukiikaribia nyambizi iliyo kina kirefu, mwale unapita juu yake na mwangwi unapotea. Pigeni hesabu. Mwangwi ukipotea mita 200 kabla, kwa noti 12 (mita 6 hivi kwa sekunde) mna zaidi ya nusu dakika ya upofu. Bomu la Mark VII, lile linalotupwa majini kutoka melini na kulipuka kwenye kina kilichopangwa, huzama kama mita 3 kwa sekunde, kwa hiyo kufika mita 100 ni sekunde 33 nyingine. Ndani ya muda huo nyambizi ya noti 4 imeshasogea mita 130, na bomu lisipolipuka mita chache tu kutoka kwake halipasui gamba la ndani.

Kwa hiyo mpeni mchezaji mwelekeo na umbali wenye makosa kidogo, kisha mvikate akikaribia. Akizidisha kasi, kelele za meli yake zifunike mwangwi. Mabomu yakilipuka, eneo lile liwe kiziwi kwa muda kwa sababu ya mapovu. Alama ya nyambizi kwenye ramani ondoeni kabisa.

Silaha ya Hedgehog ni kinyume: mabomu 24 hurushwa mbele ya omo mwangwi ukiwa bado upo, na hayalipuki yasipogonga kitu. Msiweke milipuko ya mapambo hapo. Kimya maana yake mmekosa.

Mkuku: Na nahodha wa kompyuta ndani ya nyambizi?

Zamu_ya_Usiku: Asome kelele tu, asisome faili la mahali ilipo meli yako. Akisikia rafadha za meli yako zinaongeza kasi, akate kona kali na kuzama zaidi. Betri mpeni ya kweli: nyambizi ya Kijerumani ya Type VIIC ilikwenda chini ya maji maili 80 za bahari kwa noti 4, yaani saa 20. Uwindaji utakuwa mrefu, kwa hiyo kuharakisha muda kubaki, ila kukatike mwangwi unapopatikana.

Sitaha: Jiandaeni na malalamiko kuhusu korveti ya Waingereza ya aina ya Flower. Ilifika noti 16, nyambizi ikiwa juu ya maji noti 17.7, hivyo haikamatiki. Msiiongezee kasi. Mpeni mchezaji risasi za mwanga na mzinga wa inchi 4 ailazimishe kupiga mbizi, maana chini ya maji haifiki hata noti 8.