Tattoo au Cha Cha Cha: nani alistahili kombe Liverpool 2023?

Mpiga Zumari (mwanzisha mada)
Wakuu, juzi nimeirudia fainali ya Eurovision 2023, lile shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, nikabishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Yeye ni Loreen wa Sweden, mimi Käärijä wa Finland. Jumla mnaijua: Loreen pointi 583, Käärijä 526. Sasa zipasueni. Majaji walimpa Loreen 340, Käärijä 150. Watazamaji wakampa Käärijä 376, Loreen 243. Yaani sebuleni alishinda mmoja, mezani akashinda mwingine.

Kibao cha Käärijä, Cha Cha Cha, kinaanza kwa ukali, jamaa anafoka kama abiria aliyezidishiwa nauli, halafu kinageuka pop ya kuchezea harusini. Anatokea kwenye sanduku la mbao, kifua wazi, mikono ya kijani inayowaka. Mwenzake Loreen, na Tattoo yake, kalala katikati ya skrini mbili. Semeni.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu, "kalala" tu? Nimeimba kwaya miaka ishirini. Hebu lala chali hapo sakafuni, uimbe ubeti mmoja, uone pumzi itakavyokutoroka. Yule mama kaanza akiwa chali, skrini imemfunika kama kifuniko cha sufuria, na kiitikio kilipopanda sauti haikutetereka. Na pale mwimbaji mkuu lazima aimbe laivu. Wako nusu ya wimbo anafoka. Kuburudisha kaburudisha, sikatai.

Kisauni Kwetu
Bi Mkubwa shikamoo, lakini hapa sikuungi mkono. Ingekuwa taarabu, Käärijä angetuzwa mpaka watu wakose nauli ya kurudi nyumbani. Wakati pointi za majaji zinasomwa, ukumbi mzima unapiga kelele "cha cha cha"! Na wimbo ni wa Kifini, wangapi mle ndani walijua neno lolote zaidi ya hilo? Tangu 1999 kila nchi inaimba kwa lugha inayotaka, wengi wakakimbilia Kiingereza, Loreen akiwemo. Huyu kakaa na cha kwao.

Msafiri Göteborg
Niko huku Sweden, msinipige mawe. Kwanza, majaji hawapigi kura kwa onyesho mnaloliona nyinyi. Wanapiga usiku wa kabla, kwenye mazoezi ya mwisho. Kelele za Jumamosi hazikuwafikia. Pili, Tattoo imeundwa na mafundi: Thomas G:son na Peter Boström wamo, walewale wa Euphoria iliyompa Loreen ushindi Baku 2012. Dakika tatu tu unazopewa, hakuna sekunde iliyolala. Majaji ni watu wa muziki, kitu kama hicho hawakiachi.

Yale maneno kwamba ilipangwa Sweden ishinde ili 2024, miaka 50 tangu kundi la ABBA la Sweden lishinde hapo hapo Eurovision, shindano liwe huku, mimi siyaamini. Kila nchi ina meza yake ya majaji. Utazipanga vipi meza 37?

Kisauni Kwetu
Haya, haikupangwa. Lakini angalia 2024 hapo Malmö: Baby Lasagna wa Croatia kaongoza kwa watazamaji, 337, kombe likaenda kwa Nemo wa Uswisi aliyebebwa na majaji, 365. Miaka miwili mfululizo! Kura za majaji na watazamaji ni nusu kwa nusu kwenye karatasi, ila majaji wakikubaliana juu ya mtu mmoja, huyo mwingine ataimba mpaka koo likauke.

Bi Mkubwa wa Tanga
Marahaba mwanangu. Ila watazamaji nao hawakumtupa Loreen, 243 walimweka wa pili. Wa kwako majaji walimwacha mbali. Aliyekubalika pande zote mbili ndiye mshindi wangu.

Na mnasahau, wazazi wake ni Waberberi wa Morocco. Nchi hiyo iliwahi kuingia Eurovision mara moja tu, 1980. Basi na sisi Afrika tuna kamguu pale.

Msafiri Göteborg
Swali kwa mwanzisha mada. 2023 ndiyo mara ya kwanza walio nje ya nchi shiriki waliruhusiwa kupiga kura mtandaoni, dunia nzima iliyobaki ikahesabiwa kama nchi moja. Ulimpigia Käärijä?

Mpiga Zumari
Mkuu, kwetu ilianza saa nne usiku. Zamu ya Finland ilipofika nilikuwa nakoroma.

Shemeji alipiga.